Zege la Kifua

Nianze na shemeji yangu, maana mambo yote haya yanaanza naye.

Shemeji alikuwa na neno moja. Sisemi kwamba hakuwa msemaji. Maneno alikuwa nayo tele, tena ya kuchosha masikio. Nasema neno moja alilolienzi, akalibeba kila aendako, na neno lenyewe ni kudunda.

"Hili linadunda," alikuwa akisema mbele ya nguzo ya zege, mkono mmoja kiunoni. Au alisema, "Hili halidundi," na mwenye jengo akaanza kutoka jasho. Mpaka hapo sina ugomvi naye. Alikuwa mkaguzi wa majengo katika ofisi ya ujenzi ya mji, na kupima zege ndiko kulikomlisha. Ugomvi wangu ni kwamba neno halikubaki kazini. Lilirudi naye jioni, likakaa naye mezani. Mkate ukiletwa, aliubonyeza kwa kidole na kutoa hukumu kwamba unadunda. Mchumba wa binti yake alipokuja kujitambulisha, alimpiga kofi la mgongoni, akatega sikio, kisha akawatangazia wageni kwamba mkwe anadunda. Mjukuu wake wa kwanza, mtoto wa siku tatu, alimgonga kifuani kwa vidole viwili. Dada yangu, ndiye mkewe, akamnyang'anya mtoto, akamwambia akapige ukuta.

Na hilo neno lenyewe alilitumia ovyo. Mpira ndio unaodunda. Ukuta umesimama tu. Katika kazi yake kinachodunda ni kile chuma kilichomo ndani ya nyundo yake, kikipiga na kurudi. Siku moja nilimweleza hivyo, taratibu, kwa heshima zote. Akanitazama kuanzia viatu kwenda juu.

"Fundi," akasema, "wewe changanya mchanga."

Kazini niliitwa fundi, nyumbani niliitwa shemeji. Ila bomba la jikoni likivuja, hata kazini nilikuwa shemeji.

Nyundo yake haikuwa nyundo ya misumari. Ni bomba la chuma la ukubwa wa tochi ya betri tatu, na mbele limetoa kijiti butu cha chuma. Unakiegemeza kijiti kwenye zege, unasukuma kwa nguvu sawasawa. Ndani mna springi, springi inaachia, chuma kinapiga kijiti na kurudi nyuma, na mshale ulioko ubavuni unaonyesha kimerudi umbali gani. Zege gumu hukirudisha mbali. Zege bovu hukimeza, mshale ukabaki chini. Thelathini na kwenda juu, unaweza kulaza watu humo. Chini ya ishirini, hata mbuzi wako muondoe.

Alipelekwa kozi ya wiki mbili kujifunza chombo hicho. Akarudi na cheti, mkoba wa ngozi, lile neno, na kijitabu cha maelekezo. Cheti alikitia kwenye fremu. Mkoba alitembea nao hadi msibani. Kijitabu dada alikiweka chini ya mguu mfupi wa kabati la vyombo, kikiwa bado kwenye nailoni yake. Nilikikuta hapo siku nilipoitwa kunyoosha kabati, nikakichana na kukisoma chote nikiwa nimekaa sakafuni. Hakikuwa na miujiza. Kilisema uondoe lipu kwanza, usugue zege kwa jiwe, upige mara kumi au zaidi, juu, katikati na chini, na hasa chini, kwenye mguu wa nguzo. Zege likimwagwa kutoka juu kokoto hutangulia, na uji wa simenti huvujia kwenye nafasi za mbao za fomu zinazolishika. Mguu wa nguzo ndipo ubovu unapojificha. Hilo analijua fundi yeyote, hata aliyeanza kazi juzi.

Shemeji hakupiga chini. Hakupiga chini kwa sababu ya suruali. Suruali zake zilishonwa enzi tumbo lake bado linajua adabu, na alijua fika kwamba siku atakayochuchumaa mbele ya mafundi kitu kitapasuka. Juu hakupiga kwa sababu aliogopa ngazi. Lipu hakuiondoa kwa sababu ya vumbi, na shati lake lilikuwa jeupe kila siku ya Mungu. Basi alikuwa akifika kwenye jengo, anasimama kwenye nguzo ya kushoto ya mlango mkubwa, anatoa chombo kwenye mkoba kama mtu anayetoa kito, na kupiga mara tatu usawa wa kifua chake. Kisha nguzo mbili za ndani, palepale, usawa uleule. Halafu neno. Halafu saini. Mafundi walimpa jina la Bwana Mdundo, naye akalipokea kwa furaha akidhani ni heshima.

Na hakuwa mla rushwa! Ndilo linaloniudhi kuliko yote. Angekuwa mla rushwa ningesema mtu ana tamaa, ana watoto, shetani kampitia. Bahasha alizitupa barabarani mbele ya kadamnasi. Alikuwa mtu safi, safi kabisa, ambaye hakufanya kazi yake hata siku moja katika miaka ishirini na sita, na jioni alilala usingizi mnono.

Sasa, kwenye majengo kuna watu wenye macho. Fundi mmoja, mjuaji wa wale wasioona mwanya wakaupita, alimtazama Bwana Mdundo akikagua jengo moja, la pili, la tatu. Kwenye jengo la nne, ghala la ghorofa mbili, alimwendea nyapara wetu wakati wa kupumzika.

"Huyu bwana hapigi chini wala juu," akamwambia. "Sasa sisi tunapoteza simenti kule asikopiga kwa faida ya nani?"

Nyapara alicheka. Wote tulicheka. Kisha nyapara akaacha kucheka, akakuna kidevu.

Nguzo zilizofuata tulizimwaga hivi: kutoka mguuni hadi nyongani zege hafifu, mchanga mwingi, simenti ya kuonjesha tu, kutoka nyongani hadi begani zege zuri, zito, lililoshiba, kutoka begani kwenda juu hafifu tena. Likapata jina, zege la kifua. Zege likifika nyongani nyapara alipiga kelele, "Kifua!" na wachanganyaji wakabadilisha vipimo bila kuuliza. Likifika begani, "Kifua basi!" Ikapakwa lipu, pale kifuani nyembamba kama karatasi, ikasuguliwa, ikapendeza. Bwana Mdundo akaja na shati lake, akapiga. Thelathini na sita.

"Linadunda," akasema. "Ghala la watu wenye akili."

Habari njema haikai mfukoni. Mafundi wanahama kutoka jengo hili kwenda lile, na kila aliyehama alihama na zege la kifua. Miaka kumi na miwili ikapita. Wakaja mafundi waliojifunzia kazi mikononi mwetu, ambao hawakujua kwamba kuna namna nyingine ya kumwaga nguzo. Kwao jengo lililokaguliwa na Bwana Mdundo lilimwagwa kwa kifua, basi, kama vile mlango unavyowekwa bawaba. Na majengo yalisimama, kwa sababu wachoraji wa ramani wanatujua. Huzidisha unene makusudi.

Mimi niliacha zege mgongo uliponishinda, nikahamia kwenye vigae. Hakuna ushujaa wowote katika kuacha kwangu.

Mwaka wa kustaafu kwake, shemeji akajenga. Alitaka ghorofa. Dada yangu nyonga zilishaanza kumsumbua, akaomba chumba cha kulala kiwe chini ili asipande ngazi.

"Mkaguzi hawezi kulala chini kama mlinzi," shemeji akamjibu.

Chumba kikaenda juu. Juu ya chumba, kwenye paa la zege, likapangwa tangi la maji la lita elfu tano, kwa sababu jirani alikuwa na la elfu tatu. Binti yao na watoto wake wawili nao wangehamia humo, chumba cha pembeni, juu vilevile. Ramani ilichorwa vizuri. Simenti shemeji aliinunua mwenyewe, akaihesabu mwenyewe, akaikabidhi kwa nyapara, yuleyule wa zamani, sasa mvi zimemjaa, akiwa na kundi la mafundi wengine wapya. Mimi hakuniita kwenye zege. Aliniita mwishoni, kwenye vigae, lipu ikiwa imeshakauka na rangi imeshapakwa.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Tangi lilikuwa limepandishwa tangu jana, na fundi bomba alikuwa juu anakaza mipira ya mwisho kabla ya kufungulia maji. Jumapili lori la vitanda lingefika. Dada alikuwa jikoni anafuta madirisha. Mimi nilienda stoo, chumba kidogo kilichojengwa peke yake uani, kutafuta simenti ya kulalishia vigae vya bafuni.

Nikafungua mlango, nikakuta mifuko ya simenti imepangwa hadi kiunoni. Mizima, haijafunguliwa. Nilihesabu hamsini na mitatu.

Shemeji alikuwa nyuma yangu. "Umeona?" akasema, amejaa tele. "Wengine wanaibiwa. Mimi nimerudishiwa! Nyapara amekuja mwenyewe kuniambia, mzee, hii imebaki. Nidhamu hiyo. Wananijua."

Mtu aliyefanya kazi ya zege akiona simenti imebaki hafurahi. Anauliza ni wapi haikuingia. Niliangalia nyumba ile, vyumba vinne juu, paa la zege, tangi, na fundi bomba mwenye kilo zake tisini akitembea huku na huku.

"Shemeji," nikasema, "nyundo iko wapi?"

"Ya nini?"

"Upige nguzo. Chini, mguuni."

Akacheka. "Nimeshapima. Nguzo ya kushoto ya mlango, thelathini na saba. Hakuna jengo limedunda thelathini na saba mji huu mwaka huu."

"Ulipiga wapi?"

Akajigonga kifuani kwa kidole gumba. "Mahali pake."

Nilimwambia chini, nikarudia, nikamwambia kijitabu chake mwenyewe kinasema chini. Akavimba. Akasema miaka ishirini na sita hajafundishwa kazi na mbandika vigae, na kwamba kama nina wivu na ghorofa yake niseme tu, wivu si dhambi kubwa. Akaniambia niingie bafuni nikapige magoti, ndiyo kazi yangu. Nilitamani kumwacha. Nasema kweli, kwa dakika nzima nilitamani nimwache alale humo, yeye na mkoba wake.

Lakini dada ndiye angelala naye.

Nikaenda jikoni, nikamwambia dada kwa maneno machache. Hakuuliza mara mbili. Aliweka kitambaa, akaenda sebuleni, akauchukua mkoba wa ngozi uliokuwa juu ya meza, akautoa ule mtambo. Shemeji akamfuata mbio.

"Mama nani, acha! Kitu hicho kinashikwa na mtu mwenye cheti!"

"Basi shika wewe," dada akasema, akamnyooshea. "Piga pale chini."

Shemeji akautazama mguu wa nguzo. Akaitazama suruali yake. Hakupokea.

Dada akapiga magoti. Ilimchukua muda, huku ameshika ukuta na uso umemkunjamana, maana nyonga zile hazitaki utani. Akaegemeza kijiti karibu na sakafu, akasukuma kwa mikono yote miwili. Kikatoka kishindo kidogo kilichofifia, kama unapopiga gunia. Mshale haukufika kumi na tano.

"Ni lipu hiyo!" shemeji akasema. "Lipu haidundi! Ni lazima uondoe lipu!"

"Leo umekumbuka lipu," nikasema.

Nilikuwa na patasi na nyundo ya kawaida kiunoni. Nikabandua lipu ya mguu wa nguzo, pana kiasi cha sahani. Nyuma yake zege lilikuwa limejaa matundu, kokoto zimeshikana kwa kubahatisha, na chuma cha nondo kinaonekana. Nikaingiza vidole, nikang'oa kokoto moja bila nguvu. Nikang'oa nyingine. Dada akanyoosha mkono, naye akang'oa yake, akaitazama kiganjani, kisha akamgeukia mumewe aliyesimama pale na shati lake jeupe, akamwekea ile kokoto mfukoni mwa shati.

Kisha akapaza sauti kuelekea juu. "Fundi bomba! Usifungulie maji! Shuka, baba, shuka polepole!"

Nyapara alikuwa nje anapakia mbao za fomu. Dada akamwita. Akaja anatabasamu, akaona ile sehemu iliyobanduliwa, na tabasamu halikumtoka. Ndipo nilipojua kwamba yule mzee hakuwa mwizi, wala hakuwa na habari kwamba amefanya kosa.

"Kuna nini, mama? Mbona mmenibandulia?"

"Zege gani hili?" dada akamuuliza.

"Zege la kawaida, mama. La kifua liko hapa." Akapapasa nguzo usawa wa kifua, kwa upendo. "Hapa hata uje na shoka. Mzee amelipima mwenyewe, thelathini na saba."

"Na huku chini?"

"Huku hakupimwi, mama." Alikuwa anamwelewesha, kwa upole, kama mtu mwenye subira. "Si jengo la mkaguzi hili? Jengo la mkaguzi linawekwa kifua. Ndivyo tunavyofanya yote. Tena la kwake nimelisimamia kwa mkono wangu, kifua nimekipanua vidole vinne zaidi kwa heshima. Na simenti yake iliyobaki tumemrudishia yote, hatukula hata kilo. Muulize."

Hakuna aliyemuuliza. Shemeji alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Neno lake lilikuwa limemwishia.

"Yote?" dada akasema. "Majengo yote aliyoyapima?"

"Ya kwetu, ndiyo. Na ya wenzetu, maana walijifunzia kwetu."

"Nani aliwafundisha?"

Nyapara akacheka, akanitazama, akamtazama dada, akanitazama tena. "Mama, unanitania. Si huyu hapa? Ndugu yako ndiye aliyegundua. Kwenye lile ghala. Sisi wengine tungetoa wapi akili ile?"

Ndiyo. Niliandika fundi mmoja. Fundi huyo ni mimi. Mimi ndiye niliyemwendea nyapara na maneno yale ya simenti inayopotea, na watu walipocheka nilijiona nimezaliwa na kichwa kuliko wenzangu. Miaka kumi na miwili nimemcheka Bwana Mdundo kwamba amepumbazwa, na aliyempumbaza ni mimi, na dada yangu nusura alazwe katika mzaha wangu chini ya lita elfu tano za maji.

Dada hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Aliinuka kwa kushika nguzo ileile, akapangusa magoti, akanitazama kwa namna aliyokuwa akimtazama mumewe akibonyeza mkate. Nilikuwa sijawahi kutazamwa hivyo na yeye. Mimi ndiye niliyekuwa nikikaa upande wake wa meza, tukikonyezana.

Jumapili lori lilifika, akaliambia ligeuze. Nilimwomba aje kwangu, nina chumba. Alitafuta chumba cha kupanga, nyumba ya chini, na watu wanasema kabla ya kukichukua alizunguka na jiwe mkononi akigonga kuta: juu akiwa amepanda stuli, katikati, na chini akiwa amepiga magoti. Mwenye nyumba alidhani ana wazimu. Kijitabu cha maelekezo alikuwa nacho mkobani mwake.

Shemeji alibaki kwenye ghorofa. Nguzo zinaweza kuokolewa. Unaita mhandisi, unazivalisha zege jipya na nondo mpya, kazi ya miezi miwili mitatu. Lakini mhandisi angetoka ofisini kwake kulekule, na swali la kwanza la mhandisi lingekuwa, na yale mengine? Kwa hiyo shemeji hakuita mtu. Aliniagiza nizibe lipu ya ule mguu. Nilikataa, akaiziba mwenyewe, vibaya. Mchana anakaribisha wageni, anawapeleka kwenye nguzo ya kushoto ya mlango, anatoa mtambo, anapiga usawa wa kifua. Wageni wanasoma thelathini na saba, wanasifu.

Wiki iliyopita dada aliniita. Alinipa mto na blanketi nimpelekee, maana ni mumewe bado. Nilifika saa moja asubuhi. Sebuleni hakuwepo. Juu sikupanda. Nilimkuta uani, stoo, amelala juu ya mifuko yake hamsini na mitatu, ametandika gazeti, mlango wazi. Mifuko ya chini ilikuwa imeshaganda kwa unyevu. Aliamka akaniona, akavuta shati vizuri.

"Joto," akasema. "Huku kuna upepo."

"Sawa, shemeji."

"Nyumba haina tatizo. Inadunda."

"Inadunda, shemeji," nikasema, nikamwekea mto, nikaondoka.

Dada alinisubiri mlangoni kwake. Hakunikaribisha ndani. "Amesemaje?"

"Anasema inadunda."

"Na wewe ukamjibu nini?"

Akaingia ndani, akarudi na daftari na kalamu.

"Mmoja wenu ataandika," akasema. "Yeye alitia saini, wewe ulifundisha. Yeye hataandika, namjua, nimekaa naye miaka thelathini. Andika kila jengo unalolikumbuka, liko wapi, lina nguzo ngapi. Ofisini nitapeleka mwenyewe. Usipoandika usije hapa tena, mdogo wangu."

Daftari lenyewe ndilo hili. Nimekaa nalo siku nne, na sasa nimerudi nyuma kusoma nilichoandika. Kurasa kumi na moja. Suruali ya shemeji imo, tumbo lake limo, mkate umo, ngazi anazoziogopa zimo. Jengo hata moja sijaliandika lilipo.

Basi.

La kwanza ni lile ghala. Ghorofa mbili, nyuma ya stendi ya mabasi, geti la bluu. Nguzo kumi na nne. Siku hizi si ghala tena, walilipaka rangi na kuligeuza shule ya watoto wadogo. Juu ndiko walikoweka vitanda vyao vya kulala mchana. Kifua cha nguzo zote nilikiweka mimi.